Uchambuzi wa kisa: Jirani aliyebakiwa na tabia moja, na katuni iliyopoteza ukimya wake

Kabla ya kuanza

Jina la katuni nimelitoa, studio na chaneli nimezitoa, watu wote nimewaita kwa kazi zao, na hata hadithi ya ndani nimeibadilisha kidogo ili mtu asiunganishe. Nilichoacha kama kilivyo ni mfuatano wa mambo na sababu zake. Mimi nilikuwa upande wa skripti kuanzia msimu wa pili, kwa hiyo ya msimu wa kwanza nayajua kwa kuangalia mafaili na kuongea na waliokuwepo.

Naandika kwa ajili ya yeyote anayetengeneza katuni ya vichekesho, au anayeishabikia tu na kila mara anajiuliza inakuwaje ile kitu aliyoipenda msimu wa kwanza ikifika wa tatu inakuwa kama imeandikwa na watu wengine, wakati ukisoma majina mwishoni ni walewale. Jibu linalotolewaga haraka ni kwamba waandishi wamechoka. Hapa hawakuchoka. Walikuwa wanafanya kazi kuliko mwanzo, na wengine walikuwa wanaandika vizuri kuliko mwanzo. Kilichobadilika kilikuwa mahali ambapo hakuna shabiki anayepaangalia, katikati ya skripti na uchoraji.

Katuni yenyewe

Ilikuwa ya dakika 11 kwa episodi, mahali pamoja, jengo la ghorofa ambalo lifti yake ni mbovu. Wahusika wanaotuhusu ni watatu.

Msimamizi wa jengo, huyu kila kitu anaahidi kitatengenezwa kesho. Ni mwongo, lakini msimu wa kwanza unaelewa kabisa kwa nini anadanganya, maana hii ndiyo kazi pekee iliyowahi kumvumilia na anajua wenye jengo wakigundua hajui hata kukaza skrubu ameumia. Kwa hiyo kila uongo wake unatoka na jasho.

Jirani, mzee mstaafu wa chumba cha mwisho. Bahili, na hilo ndilo watu wote wanalolikumbuka. Ila alikuwa pia mpweke vibaya sana, na alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, anajua nani alikosana na nani na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha au la. Ubahili ulikuwa kisingizio. Anakuja kuazima vitu ambavyo ndani kwake vimejaa, ili mradi apate mlango wa kugonga.

Binti wa Msimamizi, anayeona yote na kusema kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwa macho ya mtazamaji, akigeuza shingo tu unajua baba yake kaharibu.

Msimu wa kwanza ulikuwa mfupi, haukuwa na matangazo ya maana, na haukulipuka siku ya kwanza. Ulipata watu taratibu, mmoja anamwambia mwenzake.

Msimu wa kwanza: vichekesho vilikuwa vinapatikana wapi

Kwa asiyejua kazi inavyoenda. Katuni nyingi za TV zinarekodi sauti kwanza ndipo zinachorwa. Skripti inasomwa mezani timu nzima ikisikiliza, inarekebishwa, waigizaji wa sauti wanaingia studio kurekodi, halafu inachorwa storibodi, yaani michoro ya haraka ya kila tukio kwa mpangilio, kisha storibodi inaunganishwa na zile sauti inakuwa animatiki, yaani michoro mgando inayopishana kwa muda halisi wa episodi. Hapo kwenye animatiki ndipo kwa mara ya kwanza unaona kama kitu kinachekesha kweli au kilikuwa kinachekesha kwenye karatasi tu. Ukishavuka hapo ukaingia kwenye uhuishaji wenyewe, yaani kuifanya michoro itembee, kubadilisha chochote ni pesa.

Msimu wa kwanza kila animatiki ilikuwa inaangaliwa mara tatu, na kila mara timu yote ya skripti, mwongozaji na mhariri wa picha wanakaa chumba kimoja. Kulikuwa na muda. Hakuna aliyewapigia simu.

Kuna tukio moja nataka tulitazame kwa karibu kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Jirani anagonga mlango, anaazima balbu. Msimamizi anampa. Jirani haondoki. Amesimama pale na balbu mkononi, nyuma yake milango ya ile lifti mbovu inafunguka yenyewe, inafunga, inafunguka tena. Baadaye sana ndiyo anasema, "Nitairudisha." Basi, hicho ndicho kichekesho, na ndicho kipande ambacho mashabiki wa zamani wanakitaja mpaka leo.

Kwenye skripti pale palikuwa na mstari mmoja, "Jirani anasimama." Kwenye animatiki ya kwanza alisimama sekunde mbili na hakuna aliyecheka. Mhariri akajaribu kuvuta ikawa nne, mtu mmoja akacheka. Akavuta mpaka tisa, chumba kizima kikacheka, halafu kikanyamaza kwa sababu ghafla ikaonekana huyu mzee hataki kurudi chumbani kwake. Zile sekunde tisa ndizo zilizotengeneza mhusika. Mpaka hapo kwa waandishi alikuwa bahili wa kuchekesha tu, upweke wake uligunduliwa kwenye animatiki, na skripti zilizofuata zikaanza kuuandika.

Sasa angalia upande wa gharama, maana inashangaza. Sekunde tisa kwa fremu 24 (picha mojamoja) kwa sekunde ni fremu 216, na mtu aliyesimama kimya hahitaji mchoro mpya, labda kupepesa jicho mara moja na ile milango ya nyuma. Ukimya ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye katuni. Na bado ndiyo kitu cha kwanza kukatwa, kwa sababu kwa mtu anayekagua urefu wa episodi zile sekunde zinaonekana ziko tupu.

Msimu wa pili: mafanikio yanaingia

Chaneli ikaipenda, ikaagiza msimu wenye episodi mara mbili ya ule wa kwanza na tarehe za kurushwa zikapangwa kabla skripti hazijaisha. Studio ikakubali na siilaumu, hakuna studio ndogo inayokataa dili kama hilo, timu ilikuwa imekaa miezi haijui kama kuna kazi tena.

Mambo matatu yakatokea karibu kwa wakati mmoja na hakuna hata moja lililojadiliwa kama badiliko la katuni. Yalijadiliwa kama ratiba.

La kwanza, animatiki ikabaki kuangaliwa mara moja, na walioingia ni mwongozaji na prodyuza tu, kukagua kama urefu uko sawa na kama kuna kitu kimekosekana. Waandishi walikuwa tayari wako kwenye episodi inayofuata. Matokeo yake ni kwamba chekeche la kuchuja vichekesho lilihama, sasa kichekesho kinapita au kinakufa mezani wakati wa kusoma skripti. Na mezani ni nini kinachekesha? Maneno. Majibu ya haraka, matusi ya kiakili, mtu kupaza sauti. "Jirani anasimama" ukiisoma mezani haina maana yoyote, mtu anaipita kama anavyopita namba ya ukurasa. Ndani ya msimu ule skripti zikanenepa mazungumzo bila mtu yeyote kuamua kwamba tunataka mazungumzo zaidi.

La pili ni msemo. Kwenye episodi moja ya msimu wa kwanza mwigizaji wa sauti wa Jirani aliongeza mwenyewe, bila kuandikiwa, "Hesabu haidanganyi!" Ikaachwa kwa sababu ilikaa vizuri. Kati ya msimu na msimu klipu yake ikasambaa, watu wakawa wanaitumia kwenye mambo yao, na chaneli ikaleta ombi la heshima kabisa kwamba msemo uonekane onekane. Kuonekana onekana kukawa kila episodi. Si unajua inavyokuwa, mwanzoni msemo unatoka kwenye hali, baadaye hali inatengenezwa ili msemo upate pa kukaa. Ili aseme vile lazima awe anabishania pesa, kwa hiyo kila akitokea anabishania pesa. Ile kumbukumbu yake ya ajabu ikapotea hivihivi. Upweke ukabaki kwenye faili la maelezo ya wahusika ambalo nadhani hakuna aliyelifungua tena.

La tatu wengi hawalitegemei, maktaba ya nyuso. Wahusika walikuwa wanahuishwa kwa vikaragosi vya kompyuta, mwili umekatwa vipande na kila kipande kinazungushwa, hivyo uso ulikuwa unabadilishwa kwa kuchagua mdomo, nyusi na macho. Ili kwenda haraka, timu ikatengeneza seti za nyuso zilizo tayari: hasira, mshtuko, furaha, kulia, ujanja. Ni wazo zuri na linaokoa muda kweli. Ila nyuso zilizowekwa humo zilikuwa zile zinazotumika sana, na zinazotumika sana ni zile kubwa. Ile sura ya Binti ya msimu wa kwanza, nusu anacheka nusu anaona aibu kwa niaba ya baba yake, haikuwemo. Ilikuwa inatengenezwa kwa mkono kila mara. Msimu wa pili mtu mwenye dedlaini kesho asubuhi hatatengeneza nusu ya tabasamu kwa mkono, ataweka mshtuko aende zake. Binti akaanza kushtuka. Halafu sisi waandishi tukaona kwenye episodi zilizokamilika kwamba Binti ni mtu wa kushtuka, tukaanza kumwandikia hivyo.

Upande wa watazamaji, msimu wa pili ulifanya vizuri kuliko wa kwanza. Hili lazima lisemwe wazi maana watu wanapenda hadithi ambayo ukiharibu tu unaadhibiwa palepale. Msimu wa pili ulipata watu wengi wapya, na kuna episodi zake tatu nne ambazo mimi naona ni kali kuliko chochote cha msimu wa kwanza. Ndiyo maana hakuna aliyesikia kengele.

Msimu wa tatu: kelele

Mwigizaji wa sauti wa Msimamizi na studio hawakuelewana kwenye mkataba, akaondoka. Ikatafutwa sauti inayofanana. Waliokuja kujaribiwa walitumiwa klipu za kuigiza, na klipu zilizochaguliwa, kama utakavyotegemea, zilikuwa zile maarufu, Msimamizi akipiga kelele, Msimamizi akianguka kwenye ngazi, Msimamizi akilia kwa sauti. Akapatikana mtu mwenye kipaji, anamfanana mno akipiga kelele. Kwenye kuongea kwa chini, ile namna ya kudanganya huku anameza mate, hakuwa nayo, na hakuna aliyemwomba. Ndani ya episodi chache waandishi wakaacha kuandika matukio ya chini kwa sababu hayatoki vizuri.

Hapo Msimamizi akageuka kutoka mwongo mwenye sababu akawa mjinga. Ukiangalia juujuu ni kitu kilekile, mtu anayeharibu mambo. Ila mwongo ana mpango, mpango una hatua, na hatua zinaweza kuvunjika moja baada ya nyingine, hadithi inajiendesha. Mjinga hana mpango, anatokea tu, kwa hiyo lazima kitu cha nje kije kimsukume. Na kweli, msimu wa tatu vitu vya nje vilikuja: episodi ya kwenda angani, episodi ya kurudi nyuma kwa wakati, sauti za mastaa wageni, na moja ambayo jengo lote linageuka roboti. Jirani kwenye msimu ule aliuza mlango wake mwenyewe ili apate pesa. Fikiria hiyo. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kutafuta mlango wa kugonga, ameuza wake, na kila mtu mezani alicheka, na mimi nilikuwepo.

Na kila mwisho wa episodi kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Jengo limebomoka, wiki ijayo lipo.

Takwimu ambazo chaneli ilitupa zilionyesha kitu kilichowachanganya wengi, kwamba watu bado walikuwa wanafungua episodi lakini hawamalizi. Klipu za sekunde chache bado zilitembea. Yaani katuni ilikuwa imegeuka kiwanda cha klipu ambacho bahati mbaya kinatoa pia episodi nzima.

Maamuzi ya msimu wa nne

Kikao kilikuwa kigumu. Chaneli ilitaka wahusika wapya. Baadhi ya waandishi walitaka "turudi msimu wa kwanza", kauli inayopendeza sana na isiyokuambia ufanye nini Jumatatu. Mwongozaji alileta kitu tofauti, alikaa akatazama msimu wa kwanza na wa tatu akiwa amezima sauti. Wa kwanza ulieleweka bila sauti. Wa tatu ulikuwa ni watu wamesimama wanafungua midomo. Baada ya hapo ubishi ulipungua.

Wakaamua hivi. Episodi zipungue karibu nusu na pesa iliyookolewa iende kwenye animatiki, irudi kuangaliwa mara tatu na waandishi wakiwemo ndani. Hili chaneli ililipinga kwa muda, ikakubali kwa sababu takwimu za kutomaliza zilikuwa za kwake yenyewe. Maktaba ya nyuso haikufutwa, ingekuwa upumbavu, ila iliongezwa nyuso ndogo ndogo, na kila mhuishaji akapewa ruhusa ya kutengeneza nyuso mpya mbili kwa episodi bila kuomba. Msemo wa Jirani haukupigwa marufuku, uliwekewa sharti kwamba akiusema lazima umgharimu kitu. Mwigizaji mpya wa Msimamizi akakalishwa na mwongozaji wakasikiliza rekodi za msimu wa kwanza, zile za chini, na akaambiwa asiige, atafute ya kwake. Ikawa sauti tofauti kidogo na iliyotangulia na hakuna mtu aliyelalamika, jambo ambalo lilituonyesha woga wetu wa "watu watagundua sauti imebadilika" ulikuwa mkubwa kuliko tatizo.

Na uamuzi mkubwa kuliko yote, lifti itengenezwe. Episodi ya pili ya msimu, Binti anaitengeneza usiku baba yake akiwa amelala, na inabaki imetengenezwa. Hakuna kurudisha nyuma. Hoja ilikuwa kwamba tumemzoesha mtazamaji kwamba hakuna kinachotokea kinachobaki, kwa hiyo hana sababu ya kujali, na njia pekee ya kumrudisha ni kubadilisha kitu ambacho aliamini hakitabadilika kamwe.

Matokeo

Kwenye kumaliza episodi, takwimu zilipanda zikakaa. Idadi ya wanaofungua ilishuka na haikurudi kwenye kilele cha msimu wa pili. Waliokuja kwa ajili ya msemo waliondoka wakiwa na hasira, na komenti zao zilikuwa kali, wengine wakidai mwandishi kabadilishwa. Kampuni iliyokuwa inauza bidhaa zenye ule msemo nayo haikufurahi.

Episodi iliyofuata baada ya lifti kupona naihesabu kuwa bora kuliko zote za katuni hii. Jirani sasa hana haja ya kupumzika kwenye kila ghorofa, kwa hiyo kisingizio cha kugonga milango ya njiani kimeisha. Anapanda na kushuka na lifti siku nzima akitumaini mtu ataingia. Anasema "Hesabu haidanganyi" mara moja, kwa sauti ya chini, akiwa amehesabu watu waliomsalimia. Animatiki ya kipande hicho ilibadilishwa mara nyingi, na mwisho wa siku kilichobaki ni uso wake, namba za ghorofa zinazobadilika, na mlio wa lifti.

Nusu ya pili ya msimu ililegea, na sababu yake ni hiyohiyo lifti. Lifti mbovu ndiyo ilikuwa inawakutanisha wahusika kwenye ngazi, ndiyo ilikuwa inawakwamisha pamoja. Ilipopona, waandishi walijikuta kila episodi wanatumia dakika mbili za mwanzo kutafuta sababu ya watu kuwa sehemu moja. Hilo hakuna aliyelifikiria kwenye kikao, sote tuliangalia maana ya lifti tukasahau kazi yake.

Chaneli iliagiza msimu wa tano, mfupi, na ikasema ni wa mwisho.

Uchambuzi

Nianze na kile ambacho watu huwa wanakikosea, kwamba msimu wa kwanza ndiyo katuni halisi na mengine yote ni kuoza. Sio. Angalia The Simpsons, katuni ya Marekani ya familia moja, ilianza 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha vichekesho cha The Tracey Ullman Show, ikawa kipindi kinachojitegemea Desemba 1989, na episodi iliyopangwa kutangulia ilirudi kutoka kwa wahuishaji ikiwa na hali mbaya mpaka ikabidi sehemu kubwa ifanywe upya, ikaja kuonyeshwa mwishoni mwa msimu, Mei 1990. Sauti ya Homer, baba wa familia hiyo, mwanzoni mwigizaji wake Dan Castellaneta aliijenga kwa kumwigiza mwigizaji wa filamu Walter Matthau, akaona haimpi nafasi ya hisia nyingi na inachosha kwenye kurekodi kwa muda mrefu, akaibadilisha, na ile ambayo dunia inaijua ni hiyo ya baadaye. Uzito wa hadithi nao ulihama, mwanzoni mwanawe Bart ndiye aliyekuwa mbele, baadaye Homer. Mabadiliko hayo yalikuwa ni katuni kujitafuta na kujipata. Jirani wetu kuwa mpweke lilikuwa badiliko la aina hiyo, na lilitokea ndani ya msimu wa kwanza wenyewe.

Lakini katuni hiyohiyo inatoa mfano maarufu wa upande wa pili, Ned Flanders, ambaye alianza kama jirani mwema mwenye maisha yaliyonyooka kuliko ya Homer, dini ikiwa sehemu moja tu ya utu wake, na miaka ilivyokwenda dini ikammeza. Mashabiki wanakizungumzia kitu hiki kama kosa la waandishi. Ninachojaribu kuonyesha kwa kisa hiki ni kwamba unaweza kufika palepale bila mwandishi yeyote kukosea kwenye meza yake. Kila mtu alifanya jambo la busara kwa nafasi yake: prodyuza aliokoa muda, mhuishaji alichagua uso uliopo, waliotafuta sauti walituma klipu inayojulikana, waandishi waliandika kile kilichochekesha mezani. Vyote vinne vinavuta upande mmoja, upande wa tabia yenye sauti kubwa, kwa sababu tabia yenye sauti kubwa ndiyo inayopita haraka kwenye kila hatua. Tabia ndogo inahitaji mtu aitetee mara nne mfululizo.

Je, haraka ndiyo mbaya? Hapa nilibishana sana na prodyuza na nadhani yeye alikuwa na hoja. Katuni ya Marekani ya South Park, episodi yake ya kwanza ya 1997 ilitengenezwa kwa karatasi zilizokatwa, baadaye wakahamia kwenye kompyuta, na kwa miaka mingi walikuwa wanatengeneza episodi ndani ya siku sita. Siku sita! Na haikuwaua, kwa sababu katuni ile imejengwa juu ya haraka: michoro sahili, vichekesho vinavyokaa kwenye maneno, na habari ya wiki hiyo ikiwa bado ya moto. Yetu ilijengwa juu ya mtu kusimama mlangoni. Ukitaka kuharakisha katuni, lazima ujue kwanza kichekesho chake kinazaliwa hatua gani, halafu uharakishe hatua nyingine zote isipokuwa hiyo. Studio ilikata animatiki kwa sababu ndiyo hatua iliyoonekana haina kitu cha kushika mkononi mwishoni. Skripti unaishika, rekodi unaisikia, episodi unaiuza. Animatiki inatupwa.

Kuhusu mambo kubaki au kurudi yalivyokuwa, hilo nalo halina kanuni moja. Katuni nyingi nzuri zinarudisha kila kitu mwisho wa episodi na ziko sawa kabisa, mtu anawasha TV siku yoyote anaelewa. Nyingine zinafanya kinyume, katuni ya BoJack Horseman kwa mfano, mhusika mkuu anaiba herufi D ya lile bango la Hollywood msimu wa kwanza na kuanzia hapo mji unaitwa Hollywoo, msimu baada ya msimu, utani unaobaki. Tatizo la msimu wetu wa tatu halikuwa kurudisha. Msimu wa kwanza nao ulikuwa unarudisha. Ila wa kwanza ulikuwa unarudisha vitu vidogo, balbu, ahadi, ugomvi wa siku moja, na kitu kidogo kikirudi haidhuru. Ukishabomoa jengo zima na kulisimamisha wiki inayofuata, umemwambia mtazamaji kwamba hata hatari ni ya uongo, na baada ya hapo hata balbu haimchekeshi tena.

Uamuzi wa nyuso mbili kwa episodi ndio nauona ulilipa kuliko gharama yake, na ndio uliozungumzwa kwa muda mfupi kuliko yote kikaoni. Wahuishaji walizitumia karibu zote kwa Binti. Hakuna aliyewaambia. Kufika katikati ya msimu waandishi walikuwa wanaona tena mtu pale anayefikiria, wakaanza kumpa maneno, na wazo la yeye kwenda kusomea ufundi kwenye msimu wa tano lilitoka kwenye uso mmoja ambao mhuishaji alimwekea akiwa ameshika bisibisi.

Sharti la msemo lilifanya kazi nusu. Lilimwokoa Jirani, lakini waandishi wakaanza kuogopa kumchekesha hata pale ambapo kuchekesha tu kungetosha, na kuna episodi mbili ambazo mzee anahuzunisha dakika zote 11, kitu ambacho watu hawakukifungulia TV.

Kwa msimu wa tano kuna pendekezo mezani la kuiharibu lifti tena ili ngazi zirudi kuwa na watu. Mwongozaji analitaka, waandishi wamegawanyika. Mimi nimepiga kura ya hapana: Binti aliitengeneza, na ikiharibika bila sababu tutakuwa tumerudisha jengo lililobomoka kwa mlango wa nyuma. Nimependekeza badala yake iwekewe muda wa kuzimwa usiku kwa ajili ya kubana umeme, na Jirani ndiye awe ameomba izimwe.